Druidi ana mkono mmoja

Ukimwuliza mchezaji mgeni wa Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu) kwa nini kachagua druidi, mhusika mwenye uchawi wa porini, jibu huwa lile lile: anataka kugeuka dubu. Sawa, ageuke. Ila druidi anayefifia mchezo ukisonga mara nyingi ndiye huyo wa dubu, na anayewatesa maadui mpaka mwisho ni yule aliyeelewa neno moja kwenye kanuni: umakini. Speli, yaani chawi za kutoa, nyingi nzuri za druidi zinataka uzishikilie akilini baada ya kuzitoa, na huwezi kushikilia mbili. Ukitoa ya pili, ya kwanza inaanguka hapo hapo. Uwe na speli sita au ishirini, mkono wa kuzishika ni mmoja.

Naandika kwa kanuni za toleo la tano la mwaka 2014, kwa sababu ya mfukoni: hati yake ya msingi, SRD 5.1, ni ya bure. Januari 2023 iliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo unaipakua kwenye simu na kuanza kucheza siku hiyo hiyo. Vitabu ni vya kuagiza nje, na dadu za pande 20 usitegemee kuzikuta kwa wamachinga wa Makoroboi hapa Mwanza; programu ya dadu kwenye simu inatosha. Jua tu kwamba hati hiyo ina tawi moja la druidi, Circle of the Land, ambalo hapa naliita Ardhi. Tawi la Mwezi, lile la wapenda dubu, limo kwenye Player's Handbook, kitabu cha kanuni cha kununua. Kama kundi lenu linacheza kwa hati ya bure, ubishi wa Ardhi au Mwezi umeisha kabla haujaanza.

Tumchukue druidi wa levo ya 3 mwenye Hekima 16, Ustahimilivu 14 na Wepesi 14. Uhai wake ni 24: levo ya kwanza 8 na 2, kisha 5 na 2 kwa kila levo inayofuata; hiyo 2 ni nyongeza ya Ustahimilivu. Kwa mtoa speli si mbaya. Tatizo ni kinga, yaani namba ambayo dadu ya adui na nyongeza zake lazima ifikie ili akupate, maana kanuni zinasema druidi havai chuma wala habebi ngao ya chuma. Anaanza na vazi la ngozi na ngao ya mbao, kinga 15. Akipata sarafu 10 za dhahabu anunue vazi la ngozi nene, lile liitwalo hide, apande hadi 16. Hapo ataganda kwa muda mrefu, wakati mpiganaji wa levo ya 1 ameshatua 18 kwa minyororo na ngao. Kanuni hazisemi druidi atapatwa na nini akivaa chuma. Zinasema tu hatavaa. Mwulizeni mwendesha mchezo siku ya kwanza, msije kubishana katikati ya vita.

Sasa speli. Kila asubuhi druidi anaandaa speli kwa idadi ya levo yake jumlisha nyongeza ya Hekima. Kwa huyu wetu ni 3 na 3, yaani sita, na anachagua kutoka orodha nzima ya druidi. Hana daftari la kununua wala kunakili kama mchawi msomi. Leo mna safari, anaandaa za safari. Kesho mnavamia ngome, anabadilisha zote. Hii ni nguvu kubwa, na wengi hawaitumii: wanaandaa sita zile zile kuanzia mwanzo wa mchezo hadi mwisho.

Sita ninazozipendekeza kwa levo hiyo ni Healing Word, Goodberry, Entangle, Faerie Fire, Spike Growth na Pass without Trace. Sasa hesabu. Entangle, ya magugu yanayonasa, inashikiliwa. Faerie Fire, ya mwanga unaowafichua maadui, inashikiliwa. Spike Growth, ya miiba, inashikiliwa. Pass without Trace, ya kunyata, inashikiliwa. Nne kati ya sita zinagombea mkono ule ule. Mchezaji asiyelijua hili utamsikia mezani:

"Mwendeshaji, natoa Faerie Fire juu ya kiongozi wao."
"Na miiba yako?"
"Si ipo?"
"Haipo, mdogo wangu. Umeshaiachia."

Na miiba ile ilikuwa imekula nafasi ya kutoa speli za levo ya 2 (speli nazo zina levo zao, tofauti na levo ya druidi), ambazo anazo mbili tu kwa siku.

Miiba yenyewe nitakaa nayo kidogo, maana Spike Growth ndiyo speli inayoonyesha druidi ni mtu wa namna gani. Unachagua mahali ndani ya futi 150, na eneo la duara lenye nusu kipenyo cha futi 20 linajaa miiba. Kila futi 5 mtu anazotembea humo anaumia dadu mbili za pande 4, wastani 5. Ardhi inakuwa nzito, kwa hiyo mwenye mwendo wa futi 30 anapiga futi 15 tu. Hakuna dadu ya kujinusuru.

Weka picha ya mwalo wowote wa ziwa hili letu la Victoria. Majambazi wanne wamesimama mchangani wakisubiri mtumbwi, kulia majabali, kushoto mafunjo. Druidi yuko kwenye majabali, futi 90 kutoka kwao. Anaweka kitovu cha miiba katikati yao. Jambazi wa kawaida kwenye hati ana uhai 11. Akikimbia futi 15 anaumia mara tatu, wastani 15. Kwa hesabu hiyo, wengi wao hawafiki ukingoni. Speli moja, na druidi hajashika hata fimbo.

Ila jambazi wa hati hiyo hana upanga tu, ana na upinde wa mtambo unaofika futi 80 vizuri na 320 kwa taabu. Mwendeshaji mwenye akili hatawakimbiza. Atawasimamisha pale pale, wakupige mishale. Kwa kinga 16 kila mshale una nafasi 8 kati ya 20 za kukupata, na kwa umbali wa zaidi ya futi 80 nafasi zinapungua. Kila ukikupata unarusha dadu ya Ustahimilivu kulinda umakini: lengo ni 10, au nusu ya madhara kama nusu hiyo inazidi 10. Huyu wetu ana nyongeza ya 2, kwa hiyo anahitaji 8 kwenda juu, asilimia 65. Mishale miwili ikipata, uwezekano wa kubaki na miiba unashuka hadi kama asilimia 42. Mitatu, asilimia 27. Druidi hana mafunzo ya kujinusuru kwa Ustahimilivu. Yake ni Akili na Hekima. Hili ndilo tundu kubwa kwenye ngao yake, kubwa kuliko hadithi ya chuma.

Dawa haihitaji sarafu. Ukishatoa miiba huhitaji kuiona ili iendelee. Toa speli, kisha kwa mwendo uliobaki rudi nyuma ya jabali. Mishale haikuoni, miiba inabaki, majambazi wanachagua kukaa au kutembea, na wenzako wanawapiga kwa mbali. Zamu inayofuata geuka mnyama mdogo. Kugeuka hakuvunji umakini, na ukiwa mnyama huwezi kutoa speli mpya lakini ile ya mwanzo unaendelea kuishikilia. Kwenye majabali ya Mwanza ningegeuka pimbi. Hati haina pimbi, chukua takwimu za panya: uhai 1. Nani atapoteza mshale kwa pimbi?

Hapo utaona kugeuka mnyama ni nini hasa kwa druidi wa Ardhi. Ni maficho ya umakini, na ni upelelezi. Si silaha. Levo ya 2 anapata mnyama wa ukali (kipimo cha ugumu wa kiumbe) usiozidi 1/4, asiyeruka wala kuogelea. Levo ya 4, ukali 1/2, na kuogelea kunafunguka. Levo ya 8, ukali 1, na kuruka. Anageuka mara mbili kati ya pumziko na pumziko, fupi au refu, na kila mara anadumu saa zinazolingana na nusu ya levo yake. Uhai wa mnyama ukiisha, madhara yaliyozidi yanakuangukia wewe. Pimbi mwenye uhai 1 akipigwa 10, tisa ni zako. Watu husahau hili na kudhani umbo la mnyama ni koti la kutupa.

Wa Mwezi ni habari nyingine, nitampitia haraka. Anageuka kwa tendo la ziada, lile dogo la pembeni linaloacha tendo kuu la zamu, na kuanzia levo ya 2 anaruhusiwa ukali 1. Dubu wa kahawia ana uhai 34, ambao akigeuka mara mbili ni 68 juu ya uhai wake mwenyewe. Lakini kanuni inasema lazima uwe umeshamwona mnyama huyo, na druidi wa kando ya ziwa hili dubu kamwonea wapi? Tazama fisi mkubwa kwenye hati: ukali 1, uhai 45, mwendo futi 50. Mara mbili ni 90. Druidi wa levo ya 2 mwenye uhai wake 17 anakuwa na jumla ya 107 kabla hajaanguka, wakati mpiganaji wa levo hiyo mwenye Ustahimilivu 14 ana 20. Kwa levo za mwanzo hakuna anayemfikia. Kinga ya fisi ni 12 tu, kila kitu kinampata, na kuanzia levo ya 5, mpiganaji anaposhambulia mara mbili kwa zamu, fisi bado anang'ata mara moja kwa wastani wa 10. Levo ya 6 unapata ukali 2 na meno yako yanahesabika kuwa ya kichawi. Kutoka hapo mpaka levo ya 10, unapofungua maumbo ya moto, maji, upepo na ardhi, Mwezi ni wa kawaida. Wapenda dubu hawapendi kuambiwa hivyo.

Na ukicheza mchezo wenye vijiji vya Kisukuma ndani yake, mwendeshaji asikuache uzurure na umbo la fisi bure. Kwenye masimulizi ya huku fisi ni kipando cha wachawi. Fisi akionekana mchana kweupe katikati ya kundi la watu wasiomwogopa, wazee hawatauliza kama huyo ni druidi mwema. Huo ni udhaifu usioandikwa kwenye karatasi ya mhusika, na unaleta mchezo mtamu kuliko vita vitano.

Kwa mwenye kutaka druidi wake awe na asili ya hapa, mfano wa duara la wenzake (ile Circle) upo tayari, na hauna haja ya makuhani wa kale wa Ulaya ambao jina hili lilitoka kwao. Jamii za ngoma za Wasukuma zilijengwa juu ya ujuzi wa wanyama: Bayeye na nyoka, Banunguli na nungunungu. Dawa, siri za kufundishwana, wimbo, mashindano. Mpe druidi wako mwalimu wa namna hiyo, na chatu awe mnyama wa kwanza kujifunza, hata kama kumgeuka kunasubiri levo ya 4 kwa kuwa anaogelea. Hapo ana watu nyuma yake.

Turudi kwenye mkono mmoja. Nikicheza Ardhi, tawi linakutaka uchague aina ya nchi, na kila aina inaleta speli za ziada ambazo hazihesabiki kwenye zile sita. Chaguo langu ni pwani, na si kwa sababu ya ziwa tu. Levo ya 3 pwani inakupa Mirror Image na Misty Step. Zote mbili hazimo kwenye orodha ya kawaida ya druidi, na zote mbili hazishikiliwi. Mirror Image inaweka sura zako tatu za uongo kwa dakika moja, mishale inapotea kwenye sura hizo. Misty Step inakuhamisha futi 30 kwa tendo la ziada, uko nyuma ya jabali. Yaani zinalinda lile tundu la umakini bila kuugusa umakini wenyewe. Levo ya 5 zinakuja Water Breathing na Water Walk, ambazo kwa njia ya tambiko, kwa kuongeza dakika 10, hazili nafasi kabisa: viumbe kumi wanapumua chini ya maji kwa saa 24. Kwa mchezo wa ziwani, wenye visiwa na mitumbwi iliyozama, hiyo peke yake inabadilisha ramani. Mwulize tu mwendeshaji kama ufukwe wa ziwa ni pwani; nani atakataa akiwa anaishi Ukerewe?

Ardhi pia inarudisha nafasi kwenye pumziko fupi, mara moja kwa siku, jumla ya levo zisizozidi nusu ya levo yako ukikata kwenda juu. Levo ya 3 ni mbili. Chukua moja ya levo ya 2, uwe na miiba ya tatu.

Wanaocheza kwa Handbook wana mbinu nyingine ya kuongeza ladha ya miiba: Thorn Whip, speli ndogo isiyokula nafasi, inayomvuta mtu futi 10. Futi 10 ndani ya miiba ni dadu nne za pande 4, kila zamu, bure. Hati ya bure haina hiyo. Badala yake tumia Thunderwave: inasukuma futi 10 kwa walioshindwa dadu yao, haishikiliwi, inakula nafasi ya levo ya 1. Ubaya wake lazima uwasogelee, inashika futi 15 tu kutoka ulipo, na mlio wake unasikika futi 300. Ukitaka kimya usiiguse.

Heat Metal nimeiacha nje ya sita zangu, lakini siku mnakutana na shujaa aliyevaa chuma mwili mzima, iweke. Dadu mbili za pande 8, wastani 9, na kila zamu kwa tendo la ziada unarudia. Hakuna dadu ya kuzuia madhara. Vazi zito linavuliwa kwa dakika 5 na speli inadumu dakika 1, kwa hiyo havui. Asiyevaa chuma ndiye anayemwadhibu anayevaa.

Call Lightning, ambayo druidi anaifikia levo ya 5, wengi wanaisifia kupita kiasi. Radi moja kwa zamu, dadu tatu za pande 10, unaishikilia dakika 10. Ndani ya pango au nyumba yenye dari ya chini haitoki, maana wingu linahitaji kukaa futi 100 juu yako. Faida yake ni pale ambapo tayari kuna dhoruba nje: dadu inaongezeka moja. Ziwani usiku wa masika hiyo si bahati, ni ratiba.

Tiba yake ni ya kiraka, na mtu aelewe hivyo kabla ya kujitangaza kuwa daktari wa kundi. Healing Word inatoka kwa tendo la ziada hadi futi 60, inamwamsha aliyeanguka, basi. Kumbuka ukiitoa, tendo lako kuu la zamu hiyo haliwezi kutoa speli ya nafasi, speli ndogo tu. Goodberry inatoa matunda 10, kila moja uhai 1 na chakula cha siku nzima, na yanadumu saa 24. Usilale na nafasi za levo ya 1 zilizobaki: zigeuze matunda kabla ya pumziko refu, asubuhi mnaamka na akiba na nafasi zenu zimerudi. Kufufua kwa kanuni hizi, kabla ya True Resurrection ya druidi wa levo ya 17, ni Reincarnate tu, ya druidi wa levo ya 9, mafuta ya sarafu 1,000, na mwenzenu anarudi na mwili mwingine unaoamuliwa na dadu. Hana Counterspell ya kuzima speli ya adui, hana Shield ya kupandisha kinga ghafla. Mkiwa na mchawi adui, druidi peke yake hatoshi.

Waliohamia kanuni za 2024 wasichanganye na haya. Huko kugeuka ni tendo la ziada kwa kila druidi, unabaki na uhai wako mwenyewe na kupata uhai wa muda sawa na levo yako, au mara tatu ya levo hiyo kwa wa Mwezi. Ile hesabu ya fisi ya 107 imekufa. Conjure Animals, ambayo 2014 ilikuwa inaleta wanyama wanane na kuisimamisha meza nzima kila zamu, imekuwa kundi moja la roho linalosogea. Hata hivyo umakini bado uko pale pale.

Jambo la mwisho ni la karatasi. Andaa kadi za wanyama nyumbani, usifungue simu katikati ya zamu. Kadi ya mamba iwe na haya tu: kinga 12, uhai 19, mwendo 20 nchi kavu na 30 majini, anazuia pumzi dakika 15, anang'ata dadu moja ya pande 10 na 2, akikupata anakushika na kujinasua ni 12, akiwa ameshika hang'ati mwingine. Kadi nne au tano zinatosha. Halafu andika speli zako zinazoshikiliwa kwenye karatasi moja, chukua kizibo cha soda, ukiweke juu ya ile uliyoitoa. Ukitaka kutoa nyingine, lazima ukinyanyue kizibo kwanza. Usiweke viwili mezani.